Tovuti Tatu, Akaunti Moja: Namna ya Kuendesha Blogu Zaidi ya Moja Zikulipe kwa Matangazo

Blogu ya kwanza ikishaanza kuingiza dola mbili tatu za AdSense, mpango wa Google wa kuwalipa wenye tovuti kwa matangazo, karibu kila mtu hupiga hesabu ile ile: moja ikileta hiki, tano zitaleta mara tano. Haiendi hivyo. Google humruhusu mtu mmoja kuwa na akaunti moja tu ya AdSense, na tovuti zako zote huingia humo. Faida ipo, maana kiwango cha chini cha kulipwa, dola 100, huhesabiwa kwa akaunti nzima. Senti za blogu ndogo hujumlishwa na za blogu kubwa. Lakini adhabu nayo ni ya akaunti nzima. Tovuti moja ikichezewa mibofyo ya uongo kwenye matangazo na akaunti ikafungwa, zote zinakosa matangazo siku hiyo hiyo.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye blogu moja inayosomwa, iwe ya WordPress au ya Blogger, anayetaka kuongeza ya pili na pengine ya tatu. Ushauri wangu tangu mwanzo: ziwe chache, kila moja iwe na msomaji wake, na zote uzichunge kama biashara moja.

Hatua ya 1: Mtafute msomaji kabla ya kununua jina

Jiulize tovuti mpya inamhudumia nani ambaye ya kwanza haimfikii. Kama msomaji ni yule yule, huhitaji tovuti. Ongeza kipengele kwenye ile uliyo nayo. Kijana anayekuja kutazama matokeo ya kidato cha nne ndiye huyo huyo atakayetafuta uchaguzi wa kidato cha tano, kisha mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, kisha nafasi za kazi na tarehe za usaili. Ukimgawia blogu nne, kila moja inabaki changa. Mwache kwenye blogu moja aizoee, ajue akirudi atakuta kipya.

Mkulima wa nyanya wa Ilula, Iringa, ni mtu mwingine kabisa. Yeye anataka kujua dawa ya kantangaze (mdudu anayeharibu nyanya), bei ya kreti sokoni, na mbegu ipi inavumilia ukame. Huyo anastahili nyumba yake.

Jipime hivi: chukua daftari uandike vichwa vya makala 30 kwa ajili ya tovuti mpya. Ukikwama kabla ya kumaliza, mada hiyo ni kipengele tu. Ukimaliza, kiandike kila kichwa kwenye Google kama mkulima mwenyewe angekiandika, pamoja na makosa yake ya tahajia, uone nani anajibu. Ukikuta majibu ya juu ni machapisho ya Facebook na kurasa za miaka mingi iliyopita, hapo pana nafasi.

Sasa weka misimu kwenye hesabu, jambo ambalo wengi hulisahau. Watangazaji hutumia fedha nyingi zaidi kati ya Oktoba na Desemba, halafu Januari hufunga mkono. Bei ya tangazo hushuka karibu kila mahali. Matokeo ya kidato cha nne ya Baraza la Mitihani, NECTA, nayo kwa kawaida hutoka Januari. Maana yake ni kwamba blogu ya matokeo hupata umati wake mkubwa wakati tangazo lina bei ndogo, kisha ikapoa. Blogu ya kilimo huenda tofauti: watu hutafuta mbegu na viuatilifu kuelekea mvua za vuli, zinazonyesha Oktoba hadi Desemba, na tena kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Ukiwa na hizo mbili, moja inakubeba wakati nyingine imelala. Kuongeza tovuti ya pili yenye msimu ule ule wa ya kwanza hakukupi faida hiyo.

Jambo jingine la bei: tangazo hulipwa kwa kufuata mahali alipo msomaji zaidi ya mahali ulipo wewe. Mswahili aliyeko Muscat, London au Minneapolis akisoma makala yako ya Kiswahili, matangazo anayoyaona yamenunuliwa na wanaomtafuta mteja wa huko. Tovuti inayojibu maswali yao, kama vile kununua kiwanja ukiwa nje, kutuma fedha nyumbani au kupata pasipoti mpya ubalozini, inaweza kuwa na wasomaji wachache na bado ikalipa vizuri. Ila tangu tarehe 16 Januari 2024 Google inadai kwamba wasomaji wa Uingereza na wa eneo la Umoja wa Ulaya waombwe ridhaa kabla ya kuonyeshwa matangazo yanayofuata tabia zao, kwa kutumia mfumo uliothibitishwa. Ndani ya AdSense kuna sehemu ya faragha na ujumbe inayokutengenezea ujumbe huo wa ridhaa bure. Uwashe kwenye kila tovuti, moja moja.

Na kabla hujaandika makala ya kwanza, fungua kurasa za msaada za AdSense uangalie orodha ya lugha zinazokubaliwa ilivyo siku hiyo. Orodha hiyo hubadilika, na ni afadhali ujue mapema tovuti yako mpya itaandikwa kwa lugha ipi.

Hatua ya 2: Domeini na seva

Sajili domeini, yaani anwani ya tovuti yako, kwa jina lako na barua pepe yako. Usimwachie fundi aliyekutengenezea tovuti aisajili kwa jina lake, hata kama ni rafiki. Siku mkikosana au akibadilisha simu, tovuti inaondoka naye. Domeini zote ziwe kwa msajili mmoja (kampuni inayouza domeini), na malipo ya kujirudia yawashwe. Domeini ya .com iliyopitwa na tarehe haipotei siku ile ile: kuna muda wa neema unaoweza kufika siku 45 kulingana na msajili, kisha siku 30 ambazo kuikomboa kunagharimu zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo yeyote anaweza kuichukua. Za .co.tz na .co.ke zina utaratibu wake, kwa hiyo weka vikumbusho viwili kwenye simu, cha mwezi mmoja kabla na cha wiki moja kabla.

Kwenye seva ndipo watu huumizwa. Vifurushi vingi vya kuhosti hukuruhusu kuweka domeini nyingi ndani ya akaunti moja ya cPanel, yaani paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva, na bei inavutia. Tatizo ni kwamba tovuti zote humo zinamilikiwa na mtumiaji mmoja wa seva. Ukiweka kwenye blogu moja themu (muundo wa mwonekano) ya kulipia uliyoipakua bure mahali fulani, na ndani yake mna msimbo wa wizi, msimbo huo unaweza kuandika kwenye mafolda ya blogu zako zote. Dalili yake unaweza kuiona mwenyewe: fungua kidhibiti faili, ingia wp-content, kisha uploads. Humo zinatakiwa kuwa picha na nyaraka. Ukikuta faili za ajabu zinazoishia na .php katikati ya picha za mwezi fulani, chunguza mara moja, na uangalie pia ripoti ya matatizo ya usalama kwenye Search Console, zana ya bure ya Google ya kufuatilia tovuti yako kwenye utafutaji. Dawa ni kutenganisha: kila tovuti inayoingiza fedha ikae kwenye akaunti yake ya cPanel, hata kama ni kwa kampuni ile ile. Na themu au plagini (programu ndogo ya kuongeza uwezo wa WordPress) ya njia za panya isiguse seva yako kabisa.

Kama bajeti hairuhusu, tumia Blogger kwa tovuti ya pili. Ni bure, akaunti moja inaruhusu hadi blogu 100, na usalama wa seva ni kazi ya Google. Nunua domeini tu, uiunganishe. Mipaka yake utaiona kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 3: Kuiingiza tovuti mpya kwenye AdSense

Ndani ya akaunti nenda sehemu ya tovuti, ongeza anwani, bandika msimbo, omba ukaguzi. Kila domeini mpya hukaguliwa upya. Kwamba ya kwanza ilikubaliwa hakuivushi ya pili. Iwe na makala kamili za kutosha, ukurasa wa kukuhusu, wa mawasiliano na wa sera ya faragha, na menyu inayofanya kazi kwenye simu. Kilicho chini ya domeini iliyokwisha kubaliwa, kama vile kilimo.mfano.com chini ya mfano.com, hakihitaji ombi jipya.

Halafu faili ya ads.txt. Ni mstari mmoja unaowekwa kwenye mzizi (folda kuu) wa kila domeini ili wanunuzi wa matangazo wajue nani ana ruhusa ya kuuza nafasi zako:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Hizo sifuri 16 ziondoe uweke namba yako ya mchapishaji. Sehemu nyingine usiiguse. Kwa Blogger, mstari huo unaubandika kwenye mipangilio, sehemu ya mapato.

Mapato yakifika dola 10 Google hutuma PIN kwa posta ili kuthibitisha anwani. Andika sanduku la posta unalolifungua kweli. Malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, ukiwa umefikisha dola 100, na jina kwenye akaunti ya benki lifanane na jina kwenye AdSense.

Hatua ya 4: Ratiba ya kazi

Hapa ndipo blogu nyingi za pili hufa. Mwenye blogu tatu akijaribu kuandika kwenye zote tatu kila siku, ndani ya miezi michache anakuwa anabandika habari za wengine. Gawa kwa siku. Kwa mfano, Jumatatu hadi Jumatano tovuti iliyo kwenye msimu; Alhamisi ile ndogo; Ijumaa kurekebisha makala za zamani, maana makala ya mwaka jana yenye tarehe mpya za maombi na viungo vilivyohakikiwa mara nyingi huleta wasomaji wengi kuliko mpya tano. Jumamosi asubuhi ni ya ufundi: sasisha WordPress, themu na plagini, chukua nakala ya akiba, uihifadhi nje ya seva. Nakala iliyo kwenye seva ile ile inaungua pamoja na nyumba. Ukiwa na tovuti tatu au zaidi za WordPress, zana kama MainWP hukuonyesha zote kwenye dashibodi moja, ukasasisha kwa mkupuo.

Usichukue makala moja ukaibandika kwenye blogu zako zote kwa vichwa tofauti. Tarehe 5 Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya maudhui yanayozalishwa kwa wingi kwa ajili tu ya kupanda kwenye matokeo ya utafutaji, na dhidi ya kununua domeini za zamani zilizoachwa ili kuzijaza takataka. Mchezo wa blogu ishirini zinazopeana viungo zenyewe kwa zenyewe unaangukia kwenye sera za barua taka pia. Kiungo kutoka blogu yako moja kwenda nyingine ni sawa pale tu msomaji anapokihitaji.

Kila tovuti iwe na nenosiri lake, lililohifadhiwa kwenye programu ya kutunza maneno ya siri kama Bitwarden. Barua pepe inayobeba AdSense iwe na uthibitisho wa hatua mbili. Anayekuandikia makala mpe nafasi ya mwandishi, usimpe ya msimamizi.

Hatua ya 5: Linda akaunti kuliko unavyolinda tovuti

Nimeshaona kwenye makundi ya WhatsApp watu wakiandika: "Wadau, ingieni blogu yangu mnipigie klik." Anayeandika hivyo anaomba akaunti yake ifungwe. Usibofye tangazo lako, usiwaombe ndugu, usinunue trafiki, yaani wageni wa tovuti, wa bei chee. Waambie hata walio nyumbani, maana wanaotumia Wi-Fi moja na wewe na kubofya kwa nia njema wanakudhuru vile vile. Ukiona mibofyo imepaa ghafla kwenye tovuti moja bila wasomaji kuongezeka, zima matangazo kwenye tovuti hiyo, chunguza wanatoka wapi, na uwaarifu Google kwa fomu yao ya mibofyo batili.

Picha na habari za wengine nazo ni hatari ile ile. Picha uliyoitoa kwenye gazeti inaweza kuletewa malalamiko ya hakimiliki. Piga zako kwa simu, au tumia za Wikimedia Commons na utaje mpiga picha kama leseni inavyotaka.

Kuna na upande wa serikali. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilianza kuwataka wenye blogu wawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Zikafuatwa na kanuni za 2020, zilizorekebishwa 2022. Tovuti ya habari na matukio ndiyo inayoangaliwa kwa karibu zaidi. Kabla ya kuzindua ya pili, iulize TCRA kama maudhui yake yanahitaji leseni na kama leseni uliyo nayo inaifunika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo fomu inayokusanya majina na namba za simu za wasomaji siyo jambo dogo tena. Kenya ina sheria yake ya namna hiyo ya 2019, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi.

Hatua ya 6: Pima kila tovuti kwa saa unazoipa

Fungua jedwali kwenye Excel au Google Sheets, mstari mmoja kwa kila tovuti, ulijaze mara moja kwa mwezi. Tuseme mwezi umekwenda hivi:

Tovuti ya matokeo na ajira: kurasa 30,000 zilizotazamwa, dola 18, saa 30 za kazi.
Tovuti ya kilimo: kurasa 6,000, dola 9, saa 8.
Tovuti ya burudani: kurasa 2,000, senti 40, saa 10.

Gawa mapato kwa kurasa, zidisha kwa elfu moja. Ya kwanza inalipa senti 60 kwa kila kurasa elfu, ya pili dola 1.50, ya tatu senti 20. Sasa gawa mapato kwa saa: ya kwanza senti 60 kwa saa, ya pili kama dola 1.13, ya tatu senti 4. Jumla ni dola 27.40, yaani kwa mwendo huo utafikisha dola 100 baada ya miezi minne, na kulipwa mwezi unaofuata. Ukitazama wasomaji peke yake ungeendelea kuimwagia nguvu ya kwanza. Jedwali linasema saa kumi za burudani ziende kwenye kilimo, na zianze mwezi huu. Usisahau safu ya gharama: seva, domeini na bando unalolitumia kupakia picha.

Fanya hivyo kwa miezi sita angalau kabla ya kuihukumu tovuti changa, na linganisha Januari na Januari, si Januari na Desemba.

Hatua ya 7: Uza nafasi mwenyewe

Kwa tovuti ya Kiswahili yenye wasomaji wa mahali pamoja, hapa ndipo fedha nzuri ilipo, na nashangaa wachache wanaojaribu. Mwenye duka la pembejeo Iringa hahitaji watu milioni. Anahitaji wakulima mia wa mkoa wake, na wewe unao. AdSense haikukatazi kuweka mabango yako mwenyewe, ili mradi yasifanane na ya Google kiasi cha kumchanganya msomaji.

Mwendee na karatasi moja: picha ya ripoti ya Search Console ya miezi mitatu, makala tano zinazosomwa zaidi, nafasi ya bango na bei kwa mwezi. Makubaliano yaandikwe: bango likae wapi, muda gani, malipo kwanza kupitia lipa namba au benki, na risiti itolewe. Bango liandikwe wazi "Tangazo", na kiungo chake kiwekewe alama ya rel="sponsored" ili Google isidhani unauza viungo kwa siri.

Kisha mfanye mwenye duka aone matokeo kwa macho yake. Kiungo cha bango kisimpeleke msomaji kwenye tovuti asiyo nayo mwenye duka. Kimpeleke WhatsApp yake. Anwani huanza na wa.me/ ikifuatwa na namba ya simu ikianzia 255, kisha ?text= na maneno uliyoyaandaa, kama "Habari, nimeona tangazo lenu kwenye blogu ya kilimo, nauliza bei ya mbegu." Kila mteja anayebofya anafika na sentensi hiyo tayari. Mwisho wa mwezi mwenye duka anazihesabu mwenyewe kwenye simu yake, na hutahitaji kumbembeleza aendelee.

Hatua ya 8: Kuifunga isiyolipa

Ikifika mahali umeamua kuifunga tovuti, usiizime tu. Chagua makala zinazosomwa bado, zihamishie kwenye tovuti kubwa, na kwa WordPress weka uelekezaji wa kudumu wa 301 kutoka kila anwani ya zamani kwenda mpya yake, si zote kwenda ukurasa wa mwanzo. Uache kwa mwaka mmoja au zaidi. Blogger haikuruhusu kuelekeza makala kwenda domeini nyingine, kwa sababu uelekezaji wake unaishia ndani ya blogu hiyo hiyo. Hapo futa maandishi ya zamani baada ya kuyahamisha, uache aya fupi na kiungo cha makala ilipo sasa.

Ukimaliza, itoe tovuti hiyo kwenye AdSense, futa akaunti za waandishi wake, chukua nakala ya mwisho, na endelea kulipia domeini angalau mwaka mmoja zaidi, isije ikachukuliwa na mtu wa kuijaza kamari huku viungo vya wasomaji wako wa zamani bado vinaelekea huko.